Mpira Uliogusa Mstari

Haya, tulieni. Leo sitaki makofi, nataka hukumu.

Palikuwa na kocha wa tenisi, Mwachofi, mtu wa shaka. Hata ukimwamkia, hujiuliza unataka nini. Hakuzaliwa hivyo. Mwaka uliopita alimtetea kijana mmoja kwa viapo, kumbe cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimepunguzwa miaka mitatu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kocha huyo alikuwa na vijana wawili waliocheza pamoja. Tsuma alijaliwa mkono: akianzisha mpira, wa ng'ambo ya wavu husikia mlio tu. Fumo alijaliwa jicho: huujua mpira unakokwenda kabla aliyeupiga hajajua.

Wakafika fainali ya wavulana wawili wawili, katika mashindano makubwa ya vijana. Asubuhi ile karani wa mashindano alimpa kocha bahasha. Ndani yake mlikuwa na nafasi moja, mwaka mzima wa mafunzo Ulaya, kwa yule "aliyeleta ushindi". Yeye aandike jina. Akaifunga tena kwa gundi, akaitia ndani ya begi, na begi likabebwa na Tsuma.

Sasa, vijana hawawekewi waamuzi wa mistari. Kila upande husema wenyewe kama mpira uliotua kwao ni ndani au nje, na wenzi wakitofautiana, huhesabiwa ndani. Katika mchezo wa mwisho wa kuamua, pointi zikafika nane kwa nane, mshindi ni wa kufika kumi na kuzidi kwa mbili. Wapinzani wakapiga mpira mrefu, ukatua konani.

"Nje!" akapaaza sauti Fumo.

Mwamuzi mkuu akaja mbio. Alishawaonya mara mbili kwa kuita nje mipira iliyo ndani. Kosa la tatu lingewatoa uwanjani. Kabla hajafungua kinywa, Tsuma akainua mkono.

"Hapana. Umegusa mstari, nimeuona."

Wakaponea hapo, lakini pointi ikaenda kwa wapinzani, waliobakiza moja tu. Kocha akaing'ata kofia yake. Jicho la Fumo halikosei, mbona leo? Na Tsuma, huo ucha Mungu kaupata lini?

Fumo akasogea wavuni akaukata mpira wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Kumi na moja kwa tisa, kombe likawa lao.

Kocha akafungua begi. Bahasha ilikuwa wazi.

"Tsuma, umeisoma hii?"

"Sijaisoma, Kocha. Labda gundi imeachia kwa jasho la taulo."

"Labda! Na wewe Fumo, kwa nini ulisema nje?"

"Niliuona nje, Kocha. Na nisingekata mipira ile mitatu, ukweli wa huyu ungetupa nini?"

"Na nisingesema kweli," Tsuma akajibu, "ungekatia wapi hiyo mipira? Si tungekuwa tumeshafukuzwa?"

Kocha akawatazama machoni, mmoja mmoja, asione kitu. Roho ilimuuma, maana aliwapenda wote. Akimwandika Fumo, huenda anampeleka mwongo. Akimwandika Tsuma, huenda anampeleka mjanja aliyesema kweli kwa kujua inalipwa. Na huenda wote wawili ni wasafi, mchafu ni moyo wake mwenyewe. Karani wa mashindano amemsimamia, anasema asipoandika sasa hivi, nafasi wanapewa wengine.

Kalamu ni hii hapa, wasikilizaji. Mwandikieni: Tsuma au Fumo?