Mzinga Uliovuma Uani kwa Bi Kalunguyeye

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mabaraza yao, Bi Kalunguyeye alifiwa na mumewe. Kila mjane alipewa mtama na baraza la eneo lake. Nyumba ya Bi Kalunguyeye, bahati mbaya, ilikuwa mpakani mwa Bondeni na Mlimani.

“Wewe ni wa Mlimani,” alisema Mzee Kiboko, mkuu wa Bondeni. “Nenda kwa Nyati.”

“Ala! Mlango wako si unatazama bondeni?” alifoka Bwana Nyati, mkuu wa Mlimani. “Rudi kwa Kiboko!”

Akaenda, akarudi, mpaka nyayo zikachanika. Chungu kikabaki kitupu. Hata wa kumwambia “pole” hakumpata.

Siku moja akautazama mzinga mtupu aliouacha marehemu uani. Desturi ya huko ilikuwa hivi: mzinga ukijaa, nusu ya asali ni ya baraza la eneo hilo. Akamwita Kanga, mpiga mbiu.

“Kawaambie wakubwa, mzinga wa kwangu unavuma.”

Kisha akajikunja, akajisokomeza ndani ya mzinga.

Puu! Puu! Kiboko huyo. Nyati naye mbio, vumbi tifutifu!

“Vuuuu!” mzinga ukavuma.

“Lo! Umejaa!” Kiboko akarudi nyuma, akiogopa kuumwa na nyuki. “Ua huu ni wa Bondeni tangu enzi za babu!”

“Nyoo! Babu yako yupi? Ua huu ni wa Mlimani!”

“Na mwenye nyumba je?” akauliza Kanga.

“Nani? Yule… anaitwa nani vile?” akasema Kiboko.

Nyati naye hakulijua jina. Mle mzingani gizani, mvumo ukakatika. Kisha ukarudi, mwembamba: “Vuuuu…”

“Basi tusigombane,” akasema Nyati. “Ua ni wetu sote. Kanga, tangaza!”

Kanga akaruka juu ya paa, akatangaza. Bonde likasikia, mlima ukasikia.

Hapo Bi Kalunguyeye akatoka mzingani, miiba imejaa vumbi.

“Shikamooni, wazee wangu. Ua ni wenu, basi na mjane wake ni wenu. Mtama wangu uko wapi?”

“Asali iko wapi?”

“Nilikuwa navuma mimi.”

Wangekanaje sasa? Mbiu ilikwisha kupigwa.

Jioni mifuko miwili ikatupwa mlangoni, pu! pu! Hakuna aliyebisha hodi. Bi Kalunguyeye akapika ugali wa wawili, kwa mazoea, akala upande wake wa sinia. Upande wa pili ukapoa.

Basi wanangu, anayedai asali ya ua, na amlishe aishiye humo.