Sogea Nisikie, Mjukuu Wangu

Paukwa!

— Pakawa.

Ah, hiyo ni pakawa ya watu ambao hawajanywa chai. Paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo sawa. Palikuwa na nini?

— Palikuwa na maji!

Maji ya kisima?

— Maji ya kioo!

Na ndani ya kioo?

— Wapangaji!

Basi kaeni vizuri. Aliyekalia kanga ya mwenzake aiachie, maana hadithi hii ina sehemu ya kurukwa na samaki.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na msusi mmoja mjini Korogwe, jina lake Bi Sikudhani. Saluni yake ilikuwa na viti vitatu, draya mbili za kukaushia nywele, moja nzima, na tangi la kioo la samaki. Alisema mteja akitazama samaki hasikii kichwa kikivutwa.

Sasa lile tangi msilione tangi. Ilikuwa nyumba ya kupanga kabisa. Chumba cha mbele alikaa Bi Gapi, mwenye mkia mpana kama gauni la bibi harusi. Nyuma ya jiwe alikaa Bwana Upanga, ambaye mkia wake ulikuwa mrefu, mwembamba, na alihakikisha kila mtu anauona. Kwenye majani walikaa Neoni watano, wadogo kama njiti za kiberiti, wanang'aa ubavuni. Konokono hakupewa chumba kwa sababu alikuja na chake. Na chini kabisa, kwenye kokoto, alikaa Uduvi.

Uduvi alikuwa mwembamba na mwangavu, ukimtazama unaona na alichokula asubuhi. Lakini sharubu! Alikuwa na sharubu mbili ndefu kuliko yeye mwenyewe. Kazi yake kufagia makombo. Na kila baada ya wiki chache gamba lilimbana, akalivua lote, na miguu yake na sharubu zake, akaliacha limesimama pale kama kanzu iliyokataa kulala.

Wapangaji hawa walipatana sana. Na walipatana kwa sababu moja tu: hakuna aliyekuwa na mdomo wa kumtosha mwenzake.

Hilo Bi Sikudhani hakulijua. Yeye alidhani ni malezi.

Siku moja akaenda kwa Bwana Shekidele, muuza samaki wa mapambo. Akasema, "Shekidele, wapangaji wangu ni vijana vijana tu. Nataka mmoja mtu mzima, awasimamie."

Shekidele akachota kwenye ndoo, akainua mfuko wa nailoni. Ndani yake samaki mweusi, anateleza, urefu wa kidole.

"Huyu hapa. Kambare."

"Mpole?"

"Mpole mpaka anachosha."

"Anapatana na wenzake?"

"Dada Siku, huyu amekaa na samaki kumi na wawili ndoo moja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kwangu kulalamika."

"Wako wapi hao kumi na wawili?"

Shekidele akakohoa. "Walihama."

Bi Sikudhani akainama, akahesabu sharubu. Moja, mbili, tatu, nne… nane! "Lo! Sharubu nane! Huyu mtu wa heshima huyu. Nifungie."

Na yule Kambare, wapenzi wangu, alikuwa na umri wa miezi mitatu. Mtoto! Ziwa la mama hajalisahau, kama angelikuwa na mama wa kunyonyesha. Lakini mwenye sharubu nani atamuuliza cheti cha kuzaliwa?

Chubwi! Akatiwa ndani.

Wapangaji wakaona sharubu. Wote wakasimama. "Shikamoo Babu!"

Kambare akatazama kulia, akatazama kushoto, akamtafuta huyo babu. Hakumwona. Akaelewa. Akavuta sauti kutoka chini ya tumbo: "Maraaahaba, wajukuu zangu."

Asubuhi ya kwanza akaenda Bi Gapi, na gauni lake, fwa fwa fwa.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi Gapi."

"Masikio yangu mazito. Sogea nisikie, mjukuu wangu."

Akasogea.

"Sogea tena."

Akasogea.

"Sasa inamisha kichwa nikubariki."

Akainamisha. NGWAP!

Maji yakatulia. Wenzake wakauliza, "Babu, Bi Gapi yuko wapi?"

"Amehama," akasema Kambare, akajifuta sharubu.

Asubuhi ya pili akaenda Bwana Upanga, mkia nyuma, kidevu mbele.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Sogea nisikie, mjukuu wangu."

Akasogea.

"Sogea tena."

Akasogea.

"Inamisha kichwa nikubariki."

NGWAP! Mkia ulibaki nje kidogo, Kambare akaumalizia kama mtu anavyovuta tambi.

"Bwana Upanga naye?"

"Amehama. Ameniachia salamu zenu."

Konokono naye, mtu wa adabu, alianza safari ya kwenda kuamkia Jumatatu. Jumatano alikuwa nusu ya njia. Alhamisi Kambare akachoka kungoja, akapiga kelele, "Rudi tu, mwanangu! Nimekubariki huko huko!" Konokono akageuka. Kugeuka peke yake kulichukua mpaka Ijumaa.

Na Kambare akawa ananenepa. Akawa kama kiganja. Akawa kama chupa ya soda. Akigeuka, kokoto zinahama. Jumamosi akatangaza: "Sasa nimezeeka, siwezi kubariki mmoja mmoja. Kesho asubuhi Neoni mje wote watano pamoja."

Neoni wakalia. Samaki akilia ndani ya maji huwezi kujua, lakini walilia. Mdogo wao akasema, "Tusipokwenda tumekosa adabu. Tukienda tumehama."

Uduvi akaweka chini kombo alilokuwa akifagia. "Kesho naenda mimi."

"Wewe?" wakasema Neoni. "Wewe hata kujaza jino hujazi!"

"Ndiyo. Lakini gamba limeanza kunibana."

"Si ndiyo siku unakuwa laini kama uji? Hiyo ndiyo siku ya kujificha!"

"Nitajificha," akasema Uduvi. "Nitajificha pale ambapo hawezi kupaangalia."

Kulipokucha Uduvi akaenda mpaka mlangoni kwa Kambare. Kambare anakoroma: guruuu, guruuu. Uduvi akajikunja, akajikunjua. Pap! Gamba likapasuka mgongoni, akatoka, laini, anatetemeka kama nyama ya dafu. Akalisimamisha gamba mbele, sharubu juu, yeye akasimama nyuma yake.

"Shikamoo Babu!"

Kambare akafungua jicho moja. "Marahaba. Neoni wako wapi?"

"Wanavaa. Nimewatangulia mimi, Uduvi."

"Haya. Sogea nisikie, mjukuu wangu."

Uduvi akalisukuma gamba.

"Sogea tena."

Akalisukuma tena.

"Inamisha kichwa nikubariki."

Akaliinamisha.

NGWAP!

Gamba likateremka kooni, kwaru, kwaru, kwaru. Na palepale Uduvi mwenyewe, chwi! akapita chini, akamng'ang'ania Kambare kidevuni, katikati ya zile sharubu nane. Mwenye kidevu na aniambie kama amewahi kukiona bila kioo cha kujitazamia.

"Mh," akasema Kambare. "Huyu mkavu."

"Nimefika," ikasema sauti.

Kambare akashtuka. Akageuka kulia. Hakuna mtu. Akageuka kushoto. Hakuna mtu. Kila akigeuka, kidevu kinageuka naye.

"Nani huyo?"

"Mimi Uduvi. Niko humu tumboni. Ahsante kwa usafiri. Lakini mbona umenipokea bila salamu?"

"Nikusalimie wewe?"

"Umezisikia sharubu zangu zikipita kooni?"

"Nimezisikia."

"Ndefu au fupi?"

Koo bado lilikuwa linawasha. "Ndefu," akasema Kambare.

"Kuliko zako?"

"…Kuliko zangu."

"Sasa mkubwa nani hapa?"

Kambare akashusha sharubu. "Shikamoo."

"Masikio yangu mazito."

"SHIKAMOO BABU!"

"Marahaba. Sasa sikiliza, mjukuu. Huku tumefanya kikao." Na Uduvi akabana pua, akatoa sauti ya Bi Gapi: "Nani kakanyaga gauni langu? Nani? Watu wanene huku wamejaa!" Akakaza koo, akatoa sauti ya Bwana Upanga: "Mwenyekiti, chumba hiki hakina dirisha. Naomba ruhusa nitoboe moja hapa ubavuni, upanga ninao."

Na tumbo la Kambare, ambalo lilikuwa linahangaika na gamba kavu, likasema lenyewe: guru-guru-guru.

"Wameanza kupima ukuta," akasema Uduvi.

"Msitoboe!" Kambare akapiga kelele. "Jamani, msitoboe! Tokeni! Mdomo huo hapo, wazi!"

"Tutoke humu majini utumeze tena? Tunakujua. Sisi tunatoka ukiwa nje, kwenye hewa, umeachama."

"Nje nitakufa!"

"Wewe? Kila siku tunakuona unapanda juu kuvuta hewa kama mtu aliyekimbia. Au unaogopa? Bwana Upanga, anza na ubavu wa kushoto."

Guru-guru-guru.

"Natoka! Natoka!"

Wakati huohuo Bi Sikudhani, chanuo kichwani, akafunua kifuniko cha tangi ili awanyunyizie chakula. Kitini alikuwapo mwalimu mmoja wa kike, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Uduvi akaachia kidevu. Kambare akarudi nyuma, akakaza mkia, na…

Vruuuup! PWAA! Mapajani kwa mwalimu!

Mwalimu akatoka na taulo shingoni. Inasemekana mpaka leo ile nusu nyingine haijasukwa.

Kambare akaanguka sakafuni, akaachama. "Tokeni!" Hakutoka mtu. Akaachama zaidi. "Tokeni, nimefika nje!" Akaanza kujikongoja kwa mapezi, mpu, mpu, mpu, kuelekea mlangoni, anawatafutia wapangaji wake mahali pa kushukia.

"Jamaniii!" Bi Sikudhani akapanda juu ya kiti. "Babu anatembea!"

Akaitwa Shekidele. Akaja na ndoo, akamtia Kambare ndani, akamtazama, akatikisa kichwa.

"Dada Siku, mbona amekuwa mkubwa hivi? Ulikuwa ukimlisha nini?"

Bi Sikudhani akageukia tangi. Akahesabu. Neoni watano wapo, wamejibanza kwenye majani. Konokono yupo, anaelekea mahali. Gamba la Uduvi halipo, Uduvi mwenyewe yuko chini ya jiwe na mwili wake mlaini, anapumua. Bi Gapi? Bwana Upanga? Akatafuta nyuma ya jiwe, akatafuta nyuma ya mpira wa kuingizia hewa.

"Wapangaji wangu," akasema polepole.

Shekidele akaitazama dari. "Watakuwa wamehama."

Chanuo likaruka kutoka kichwani, likampata begani.

"Mtoe mbele yangu! Mpeleke kwa wakubwa wenzake! Na safari nyingine nikija kwako usinionyeshe sharubu za mtu. Nionyeshe mdomo!"

Shekidele akabeba ndoo mpaka nyumbani kwake. Nyuma ya nyumba palikuwa na bwawa la kambare aliowafuga miaka na miaka. Chubwi! Akamwaga.

Kambare akafurahi. Maji mapana! Tumbo limenyamaza! Akanyoosha sharubu zake nane, akakohoa, akangoja kuamkiwa.

Tope likatikisika. Kikatoka kichwa. Kichwa kikubwa kama sufuria ya wali, na sharubu ndefu kama kamba za katani. Nyuma yake kikatoka kingine. Nyuma ya kingine, kingine tena.

Mtoto wa miezi mitatu akakumbuka adabu yake.

"Shikamoo Babu," akasema.

"Maraaahaba," kikasema kile kichwa. "Masikio yangu mazito. Sogea nisikie, mjukuu wangu."

Haya. Sasa funzo, maana bila funzo mtasema nimewapotezea muda. Watoto, waamkieni wakubwa. Mkiambiwa sogeeni, sogeeni. Mkiambiwa inamisha kichwa, inamisha, usiulize. Hasa kama mkubwa mwenyewe bado hajala.

Hadithi yangu nimeimwaga hapa. Atakayeteleza asiseme hakuambiwa sakafu ina maji.

— Ahsante Babu! Shikamoo!

Marahaba, marahaba. Ila nyie wa mbele hapo siwasikii vizuri. Hebu sogeeni kidogo.

— Tumetosheka hapa hapa!