Kigingi Kilichong'olewa

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuchimba visima. Jina lake Masinga, na mdogo wake Chilolo alikaa juu akivuta ndoo za udongo. Kila asubuhi Masinga aliteremsha taa ya chemli kabla ya kushuka. Ikiwaka, hewa ipo. Ikizimika, kisima kimekataa, na siku hiyo hashuki mtu. Lakini kisima huweza kukataa hata mtu akiwa ameshafika chini. Kwa hiyo alijifunga kamba kifuani, na mwisho wake wa juu aliufunga kwenye kigingi kinene alichokipigilia mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja kamba ile haikuwahi kumvuta mtu.

Masinga alikwenda msibani ukweni. Wiki hiyo hiyo kamati ya kijiji ikatuma neno kwamba inakuja kukagua kisima. Chilolo akasawazisha udongo, akapanga mbao, akafagia. Kigingi kile kilikuwa kinamkwaza mguu kila siku. Akaking'oa, kisha akaikunja kamba vizuri kando ya mdomo wa kisima. Kamati ilimsifu, naye akafurahi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Masinga akarudi. Aliteremsha taa, ikawaka. Akajifunga kamba, akashuka. Mwisho wake wa juu hakuutazama, maana kigingi alikipigilia kwa mikono yake mwenyewe.

Karibu na adhuhuri taa ikazimika pembeni yake. Alipiga kelele, akaanza kupanda kwa vishimo vya ukutani. Alipofika nusu, mikono ikaishiwa nguvu, akaanguka. Kamba ikamfuata, mkunjo baada ya mkunjo, na ncha yake ikatumbukia kabla Chilolo hajaidaka. Chilolo alitaka kujitosa. Wanaume waliokuja mbio kwa kelele ile wakamshika, kwa sababu kule chini hapakuwa na hewa hata ya mtu mmoja.

Walimtoa jioni, kwa kulabu.

Matangani, mjane wa Masinga hakumtukana shemeji yake. Heri angemtukana, ingekuwa nafuu kwa Chilolo. Alimwita mbele ya watu, akamuuliza taratibu:

"Shemeji, kabla hujaking'oa, ulimuuliza kaka yako kilikuwa kinangoja nini?"

Nanyi mnaosafisha kazi msiyoianza, mkaona kitu kimekaa tu bila kazi, mmeuliza kinangoja siku gani?