Haki ya Mtemi Kunyamaza

Mtemi Lugalata, mpenda haki kupindukia, alichoshwa na watu wanaonyamaza. Mume wa Nyamizi alikuwa kifungoni wiki ya tatu kwa kukataa kuwataja waliomcheka Mtemi. Basi Mtemi akaitisha baraza airekebishe katiba: asiyejibu swali afungwe maisha.

Watu walinuna. Nyamizi peke yake alipiga makofi. "Kifungu kitamu, Mtemi! Ila andika 'mtu yeyote', wasije wakasema unaogopa maswali."

"Niogope, mimi?" Akaandika, akagonga muhuri.

Nyamizi akapiga goti. "Mabati ya zahanati yetu yako juu ya nyumba ya nani?"

Askari wakamgeukia Mtemi, pingu mkononi.

Kabla jasho halijamkauka, katiba ilirekebishwa tena: kila mtu ana haki ya kunyamaza. Nyamizi akaenda kumchukua mumewe, akimsifu Mtemi kwa kuwapigania raia.