Kokoto Jeusi la Kocha Nungunungu

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo mbele na jezi ya timu yako: huyo kocha wenu mnayemtukana kila Jumapili, umewahi kumuuliza jirani anamwonaje? Hujawahi. Basi tega sikio.

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walikuwa na wenyeviti wengi kuliko visima, palikuwa na mbuga iliyokatwa katikati na mto mkavu. Upande huu Bondeni, upande ule Ng'ambo. Maji yalikuwa mahali pawili tu. Kulikuwa na Bwawa la Juu, maji yanabubujika kutoka mwambani, baridi, safi, nalo limezungushiwa uzio wa miiba. Na kulikuwa na Dimbwi la Chini: tope, funza, na mkojo wa nani sijui.

Wakubwa wakakaa, wakala, wakajifuta midomo, wakaamua. Kila kiangazi kikianza, timu mbili zicheze mpira. Upande utakaoshinda ufunguliwe uzio mpaka mvua. Utakaoshindwa, Dimbwi. Nani aliulizwa? Hakuna. Ikaitwa mila.

Viangazi saba mfululizo Bondeni walishinda. Moja bila. Moja bila. Moja bila. Hivyo hivyo, saba.

Sasa huko Ng'ambo aliishi Nguchiro, mdogo, mwepesi, mwenye digrii ya mambo ya maji, with honours, na kazi hana. Alishaandika barua za maombi mpaka magome ya miti yakaisha. Aliishi na mama yake, ambaye Dimbwi lilishamla jicho moja. Dada yake lilimmaliza mzima, kiangazi cha tano. Siku tatu za kuhara, ya nne wakamzika.

Asubuhi moja, wiki mbili kabla ya mechi, mama akasema, "Mwanangu, na hili jicho la pili limeanza kuwasha."

Nguchiro akasimama. Akachomoka, fyuu! Mpaka kwa Mwenyekiti Kiboko.

Kiboko alikuwa amejimwaga kitini, ngozi imelowa, inang'aa, maji yanadondoka sakafuni, to, to, to. Mvua zimeshakatika, na yeye amelowa! Nguchiro aliliona hilo. Akalimeza kwanza.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba. Kama ni kazi, hakuna. Acha CV kwa katibu."

"Si kazi, mzee. Ni mechi. Tutafungwa tena."

"Tutafungwa, sasa tufanyeje?" Kiboko akapiga mwayo, aaaah! "Yule Kocha Nungunungu wa Bondeni ni shetani. Akishapata bao lake moja, dakika ya sabini anamtoa Swala, anamwingiza Kakakuona. Kakakuona anaukumbatia mpira, anajikunja, kru! Duma wetu akimpiga teke anavunjika ukucha. Wanakaa hivyo mpaka refa apulize. Akili gani ile? Ningempata mimi kocha yule, ningemjengea sanamu."

"Nikikuletea, mama yangu atakunywa wa kwanza?"

"Mlete. Mama yako atakunywa kabla yangu."

Nguchiro akatazama yale maji sakafuni. Akaondoka.

Siku ya tatu Bondeni walikuwa na baraza lao. Huko kulikuwa na desturi: kabla ya kila kiangazi, mashabiki hukusanyika kwenye kichuguu, kibuyu kikapita mkono kwa mkono. Ukitumbukiza kokoto jeupe, kocha abaki. Jeusi, aende. Na walikuwa na sheria moja ambayo huipati kwingine duniani: jirani akimsifu mtu wenu, sifa yake ihesabiwe kokoto jeusi. Eti babu mmoja wa ukoo wa Nyati alisifiwa pembe na mgeni, akainamisha kichwa azionyeshe vizuri, akakatwa shingo. Tangu siku ile sifa ya jirani ikawa sumu, hata iwe kweli tupu.

Nguchiro, aliyeijua sheria hiyo, akajibanza nyuma ya kichaka, akasikiliza. Aliyoyasikia!

"He must go! He must go!" Bi. Fisi, kiongozi wa mashabiki, alikuwa juu ya kichuguu na povu mdomoni. "Viangazi saba tunatazama mpira wa kujikunja! Swala anakimbia kama upepo, dakika ya sabini, nje! Kwa nini? Wivu! Yeye mwenyewe hajawahi kukimbia hata akiwa na haja!"

"Hana plan B!" akadakia Ngiri.

"Hata hiyo A alipewa na mkewe!"

Kwa kwa kwa! Wakacheka mpaka vumbi likatimka.

Kocha Nungunungu alikuwa kaketi pembeni, anatafuna mzizi. Hakuinua kichwa.

Akasimama Pimbi, mama mwenye mwili mdogo, mkazi wa kwenye mawe, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga. "Jamani, naomba kuuliza. Huyu mwanangu ana miezi kumi. Hajaharisha hata siku moja. Ni kwa sababu ya nani?"

"Kaa chini! Kwani wewe unajua mpira?"

"Mpira sijui. Maji nayajua."

"Kaa chini, Pimbi!"

Akakaa.

Mwenyekiti wao, Nyati, akamimina kibuyu, akahesabu. Na hapa ndipo ujue mashabiki walivyo. Wengi walikuwa wametukana kwa sauti kubwa, kisha wakatumbukiza jeupe kimya kimya. Mdomo ni mdomo, kiu ni kiu. Meupe yakawa yamezidi kwa mawili.

"Kocha anabaki," Nyati akanguruma, hana furaha.

"Hodi!" Nguchiro akatokeza, mkia juu.

"Wewe si wa Ng'ambo wewe? Unatafuta nini?"

"Nimeleta salamu tu, mzee wangu. Ng'ambo tunamsifu kocha wenu. Hakuna kama yeye."

Baraza zima likageuka kumtazama karani. Karani akachukua kokoto jeusi, akaliweka. To!

"Duma wetu naye anamsifu. Anasema anamuota Kakakuona, anaamka anatetemeka."

To!

"Na Mwenyekiti Kiboko anamsifu. Amesema kwa mdomo wake angempata angemjengea sanamu."

To!

Nyati akamsogelea, pumzi moto. "Unasema kweli, kijana?"

"Naapa kwa kaburi la dada yangu. Kila neno ni la kweli." Na kaburi lile lilikuwepo kweli, hakuwa anaigiza.

"Jamani!" Pimbi akaruka. "Huyu anataka tumfukuze! Hamuoni?"

"Tunachoona ni kwamba adui anampenda!" Bi. Fisi akafoka. "Kwa nini ampende? Kuna kitu anapewa! Ndiyo maana tunashinda moja tu! Angetaka tungeshinda kumi!"

"Eeeeh! Kumi!" wakaitikia. Mechi saba za kushinda, hakuna aliyezikumbuka.

"Meusi yamezidi kwa moja," Nyati akasema. "Kocha, funga mizigo."

Nungunungu akainuka, miiba ikagongana, shwaaa! Akasema jambo moja tu: "Mwambieni atakayekuja, Kakakuona akiwa na njaa hujikunjua. Apewe mchwa mapema."

Wakamzomea mpaka mtoni.

Nguchiro alikuwa akimsubiri kwenye mchanga wa mto. "Kocha, karibu kwetu. Ng'ambo wanakupenda."

"Wananipenda kwa sababu mimi si wao," Nungunungu akajibu. "Ngoja niwe wao. Lakini twende. Nina wanangu, nao wanakunywa."

Siku ya mechi ikafika. Bondeni walimweka Kocha Mbuni, shingo ndefu, manyoya maridadi, maneno matamu: "Vision yangu ni kushambulia dakika tisini!" Swala akacheza mpaka mwisho. Kakakuona alikaa benchi, hata mchwa mmoja hakupewa.

Dakika ya thelathini Bondeni wote walikuwa mbele wanashambulia, nyuma kweupe. Duma akauiba mpira, fyaaa! Bao. Dakika ya sabini Nungunungu akamtoa Duma, akamwingiza Kobe. Kobe akatembea taratibu, akaukalia mpira, kum! Akarudisha kichwa ndani. Swala akamzunguka, chenga, chenga, chenga. Mashabiki wa Bondeni wakapiga vigelegele kwa kila chenga. Pyeeee! Moja bila.

"Tumefungwa, lakini tumecheza!" Bi. Fisi akapiga makofi.

Jioni ile ile wakapanga foleni Dimbwini.

Nguchiro alimshika mama yake mkono mpaka Bwawa la Juu. Mama akachota kwa viganja, akayatazama sana kwa lile jicho lake moja kabla ya kunywa.

"Kumbe maji hayana rangi," akasema.

Nguchiro akacheka, na machozi yakamtoka. Walipokuwa wakirudi wakapita kando ya Dimbwi. Pimbi alikuwa ameinama pale, anachuja tope kwa kanga yake ili amnyweshe mtoto. Akainua uso. Nguchiro hakumsalimu. Aliongeza mwendo.

Basi kiangazi kikapita, mvua zikapita, kingine kikakaribia. Na huko Ng'ambo je? Sanamu ilijengwa?

Sanamu ya nini! Walipokuwa wanakunywa Dimbwi walimwita fundi. Sasa tumbo limetulia, macho yamepata muda wa kuona makosa. "Boring! Moja bila, hiyo nayo ushindi?" "Duma mzima, dakika ya sabini, nje!" "Kobe ndiye mchezaji, au ni jiwe?" Wakaitisha baraza lao. Na Kiboko, amelowa kama kawaida yake, akawa wa kwanza kulalamika: "Sanamu? Mimi nilisema? Nilinukuliwa vibaya."

Nguchiro akasimama. "Wazee wangu, mama yangu jicho limepona. Mwaka huu hatujazika hata mtoto mmoja. Kwa sababu ya nani?"

"Kaa chini! Kwani wewe unajua mpira?"

Maneno yale yakampiga kama kofi. Alishayasikia mahali. Alikuwa kichakani siku ile.

"Hodi," ikasema sauti ndogo.

Alikuwa Pimbi. Mgongo mtupu. Kanga kaifunga kiunoni.

"Nimeleta salamu tu," akasema, macho makavu. "Bondeni tunamsifu kocha wenu. Hakuna kama yeye. Swala anamsifu. Mwenyekiti Nyati anamsifu, anasema alikosea kumwacha."

Nguchiro akautazama ule mgongo mtupu. Akamkimbilia. "Dada Pimbi, mtoto yuko wapi?"

"Kaliulize Dimbwi. Nilikuwa nachuja kwa kanga. Kanga haichuji mauti."

"Dada, mimi... mama yangu alikuwa..."

"Najua. Na mimi nimebakiwa na mwingine tumboni. Sijakuja kugombana. Nimekuja kusema kweli, kama wewe." Kisha akasogea, akamnong'oneza: "Na Nyati wetu kiangazi chote hakuharisha hata siku moja. Analowa kama huyu Kiboko wenu. Uliwahi kujiuliza wanaoga wapi?"

Kiboko akapiga meza, pwaa! "Ahaaa! Jamani, sisi si wajinga kama Bondeni! Mwaka jana Nguchiro aliwatega kwa sifa. Leo wametuma sifa kwetu. Basi huu ni mtego! Kocha huyu ni wao! Hatutegeki! Aende!"

"Aende! Aende!"

"Mwenyekiti!" Nguchiro akapaza sauti mpaka ikapasuka. "Mtego wenyewe ni kumfukuza! Mimi ndiye niliyeutega, naujua! Bondeni walimfukuza, wakafungwa!"

"Kelele! Digrii zako peleka chuoni."

Wakacheka, na hakuna waliocheka zaidi ya wale ambao mwaka jana walikuwa wanazika.

Nungunungu akainuka, miiba ikagongana, shwaaa! Safari hii hakuacha ushauri wowote. Akapita mbele ya Nguchiro, akasimama kidogo.

"Nimekuwa wao," akasema. Akauvuka mto mkavu pamoja na Pimbi, kurudi Bondeni.

Nguchiro akarudi nyumbani. Mama alikuwa mlangoni, anafagia, lile jicho lake moja limetulia.

"Wamesemaje huko, mwanangu?"

"Mama," akasema, "chukua mitungi yote. Twende tukachote mapema. Tuchote mengi."

Kisa changu kimefika ukingoni, na funzo lake ni hili: kocha wa kwenu humhesabia makosa, wa jirani humhesabia ushindi, na kiu haimshangilii yeyote.

Na ninyi wenyeviti, wewe Nyati na wewe Kiboko, msijifiche nyuma ya makokoto. Tuonyesheni mnapooga. Kisha shikeni mapanga kwa mikono yenu wenyewe, mkakate ule uzio wa Bwawa la Juu, Bondeni wanywe na Ng'ambo wanywe. Fanyeni leo, kabla refa hajapuliza.