Karoti Zilizopakwa Udongo

Ndugu zangu, leo nina hasira, mnisamehe mapema.

Kulikuwa na chuo kimoja cha kilimo na bustani, kilichoanzishwa na mabruda huko mlimani. Mwanzilishi wake aliacha desturi moja: kila sikukuu wanafunzi wapeleke altareni mazao waliyolima wenyewe, na yasioshwe. Yaende na udongo wake, alisema, Mungu aone tumetoka shambani.

Bruda mmoja mzee, aliyekuwa katika kundi la kwanza kabisa la wanafunzi wa chuo, ndiye aliyeitunza bustani ile tangu ujana wake. Hakuna tuta ambalo hakulijua.

Ikakaribia jubilei ya miaka hamsini. Padre mkuu wa chuo akataka mahali pa wageni kuegesha magari. Akaleta greda, bustani ikasawazishwa karoti zikiwa bado changa, vikapangwa vitofali vya saruji mpaka mlangoni mwa kanisa. Na darasani, sikilizeni vizuri, wanafunzi wakaendelea kufundishwa kupandikiza miparachichi ubaoni, kwa chaki!

Mzee alichemka. Akaenda ofisini kuuliza siku ya misa watatoa nini.

"Soko lipo, Bruda," akajibiwa. "Tutanunua."

"Za sokoni zimeoshwa, Padre."

"Basi zipake udongo. Nani atajua?"

Mnasikia hayo? Kweli mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chuo kilichosifiwa kila mahali, leo kinapaka karoti matope. Na yule mzee je, alikataa? Wapi! Alinung'unika wiki tatu nzima, akamsema mkuu kwa kila aliyepita, na asubuhi ya jubilei akachukua ndoo, akazipaka moja moja kwa mikono yake mwenyewe.

Wakati wa matoleo akatangulia na kikapu. Baba Askofu akainua karoti moja, akainusa, akafurahi. Akawaonyesha waamini ule udongo mweusi, akawaambia historia ya chuo ndiyo hiyo. Kisha akamgeukia mzee.

"Bruda, huu mmeuchimba wapi?"

Mkuu wa chuo akamkazia macho. Mzee akaona aibu, lakini kudanganya mbele ya altare hakuweza.

"Kaburini kwa mwanzilishi, Baba Askofu," akasema. "Hapa kwetu ni pale tu palipobaki bila saruji."

Msimcheke mkuu yule. Wala msimpigie mzee makofi, maana kweli yake imekuja bustani imekwisha kufa. Sisi je? Tukiulizwa imani yetu iko wapi, tunamtaja bibi aliyetembea kwa miguu mwendo wa saa tatu kwenda misa. Tunamtaja babu katekista. Tunachota makaburini mwao, tunajipaka, halafu Jumapili tunakaa hapa mbele tukinukia kazi ambayo hatukuifanya! Jirani yako ana njaa, mkeo humsemeshi, na bado unaniambia ukoo wenu ulibatizwa wa kwanza katika kijiji hiki. Haya, wewe mwenyewe umelima nini mwaka huu?

Nami nimo, msidhani najitoa. Wazee wetu walishapeleka matoleo yao, na walipeleka ya kweli. Leo ukifika nyumbani usimseme mtu. Ng'oa kitofali kimoja, ushike jembe.