Mkono wa Kushoto wa Afande

"Mimi askari simwogopi! Askari ndiye anayepaswa kuniogopa mimi!"

Wimbo huo kinyozi aliuimba kila asubuhi, mashine ikinguruma mkononi, na mteja aliyefungwa shuka shingoni hakuwa na pa kukimbilia. Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Habari ikiingia dukani kwake na miguu miwili, ilitoka na minne, mkia juu.

Habari iliyonenepa kuliko zote ilikuwa ya fundi baiskeli. Kijana huyo alikuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa kinyozi. Siku moja askari alimletea baiskeli yenye pancha akataka izibwe papo hapo. Fundi, mikono imejaa gundi, akamjibu kwa adabu, "Subiri kidogo, afande, kuna mama ametangulia."

Kwa sentensi hiyo tu, isiyo na tusi wala kiburi, alipigwa rungu hadi akaanguka, na alipokuwa chini akapigwa tena. Jicho lake moja likaharibika, halikuona tena. Sasa askari alikuwa ameshtakiwa, na utetezi wake ulikuwa kwamba fundi alijikwaa akaangukia spana zake mwenyewe. Hebu fikiria! Spana zinazoinuka, zikapiga, zikapumzika, kisha zikaongeza! Hata mbuzi angecheka, kama jambo lenyewe lingekuwa la kuchekwa.

Fundi alilelewa na dada yake, mshonaji aliyepakana na kinyozi ukuta kwa ukuta. Huyo dada alizunguka mtaa mzima akitafuta mashahidi mpaka soli zikalika. Ajabu ni kwamba siku ile barabara ilikuwa imefurika watu, lakini alipowauliza, kila mmoja alikuwa msalani. Mtaa gani huo wenye tumbo la kuendesha kwa pamoja? Waliokubali kusimama kizimbani walikuwa wawili tu: Redio, na karani mmoja mstaafu aliyeitwa Nusu.

Jina la Nusu alilitunga Redio mwenyewe. Siku ya tukio karani alionekana akirudi kwake upande mmoja wa kichwa uking'aa kama sahani, na upande wa pili nywele zimesimama kama shamba lenye mgogoro. "Aliponyoka kitini kama kuku aliyeona kisu," Redio aliwaambia wateja, "nikabaki mimi na afande, uso kwa uso!" Watu wakavunjika mbavu. Nusu aliiweka hasira yake kama mtu anavyoweka kisu: huku akikinoa.

Siku moja kabla ya kesi, duka la kinyozi liligeuka mahakama ndogo. Kila aliyekaa kwenye benchi alikuwa na hukumu yake. Mshonaji akasimama mlangoni, sindano imechomekwa kifuani.

"Kaka, kesho utasema nini?"

"Nitasema nilivyotoka nje, nikamshika mkono, nikamwambia, 'Afande, leo umekosea mtaa!'"

Mteja mmoja akaguna. "Wiki iliyopita ulisema ulimkemea tu. Leo umemshika mkono. Kufika kesho si utakuwa umeshamtia pingu?"

Benchi zima likacheka. Mshonaji hakucheka.

"Kaka yangu, sikukuomba ushujaa. Nimekuomba ukweli. Jicho la mdogo wangu halihitaji chumvi."

"Dada, mboga bila chumvi nani ataila?" Redio akajibu, akapuliza nywele kwenye mashine kana kwamba ameshashinda kesi.

Kesho yake chumba cha mahakama kilijaa pomoni. Fundi baiskeli aliketi mbele, kitambaa cheusi juu ya jicho. Askari alikaa kizimbani na sare iliyonyooshwa pasi kali, akitabasamu kama bwana harusi. Tabasamu lile ndilo lililomchemsha mshonaji damu kuliko rungu lenyewe. Nusu aliachwa nje kwenye benchi, kwa kuwa shahidi anayesubiri zamu haruhusiwi kusikia ya mwenzake.

Redio alipoitwa, aliapa kwa sauti ya kuitikisa dari. Akasimulia. Akatoka nje, akafoka, akamshika afande mkono. Kisha akainuka wakili wa askari, mwanamke mwenye sauti laini kama pamba. Redio alitarajia ngumi. Akaletewa mto wa kulalia.

"Hongera, ndugu shahidi. Watu kama wewe ni wachache. Hukuogopa?"

"Mimi na woga hatujawahi kusalimiana!"

"Naona. Ukamsogelea karibu kabisa?"

"Kama wewe na hiyo meza!"

"Na huo mkono ulioushika ndio uliokuwa na rungu?"

"Ndio huo huo! Nikaukamata hivi!" Akakamata hewa.

"Mkono upi, shujaa wetu?"

"Wa kushoto!" Hakupepesa hata jicho, kwa sababu picha ile aliiona wazi kichwani.

"Ahsante sana." Sauti ya pamba ikatoa mwiba. "Mheshimiwa, asubuhi hii pande zote mbili zimekubaliana kwamba siku hiyo mkono wa kushoto wa mteja wangu ulikuwa ndani ya plasta ngumu, tangu vidoleni hadi kiwikoni. Ndugu shahidi, uliushika mkono, au uliishika ndoto?"

Kicheko kikalipuka. Aliyecheka kwa nguvu zaidi alikuwa askari.

Ndipo Redio alipokumbuka mahali alipoipata picha ile. Kioo! Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mgongo kwa barabara, na rungu aliliona kwenye kioo kikubwa cha ukutani. Kila siku ya Mungu wateja huoneshea kidole kwenye kioo, naye huigeuza picha, kushoto ikawa kulia, bila hata kufikiri. Leo, kwa kuwa alijitoa nje kwa mdomo, alisahau kuigeuza.

Neno moja lingeokoa kila kitu. Lakini neno hilo lingemrudisha nyuma ya kiti, na kutoka nyuma ya kiti watu wangeuliza alifanya nini baadaye. Akamtazama fundi na kitambaa chake. Akawatazama wateja wake waliojaa kwenye mabenchi. Akachagua wateja.

"Afande… alibadilisha mkono," akasema.

Hakimu akavua miwani. "Alibadilisha mkono, au alibadilisha plasta?"

Katikati ya kicheko cha pili mshonaji akasimama wima.

"Keti, mama," hakimu akaamuru.

"Nimeketi tangu siku mdogo wangu alipoharibiwa jicho, mheshimiwa! Mmoja alilipiga, huyu analichezea!" Askari wa mlango akamsogelea. Akaketi, ameuma upindo wa kanga yake.

Nusu akaitwa. Aliingia na mfuko wa nailoni kwapani, asijue lolote lililosemwa mle ndani, akaapa.

"Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, uso kwenye kioo," akaanza. "Barabara yote ilikuwa ndani ya kioo kile. Niliona rungu likipanda na kushuka, na kijana yuko chini. Kwenye kioo ulionekana mkono wa kushoto. Maana yake ulikuwa wa kulia. Ule mwingine ulikuwa mweupe hadi kiwikoni. Nilishangaa, nikajiuliza, glavu moja ya nini?"

Askari alisahau kutabasamu.

Wakili akainuka, safari hii haraka. "Lakini shahidi aliyekutangulia anasema alitoka nje akamshika mkono mteja wangu. Nyinyi wawili, nani mwongo?"

"Nani alitoka nje?" Nusu akageuka polepole mpaka akampata Redio kwenye benchi. "Huyu? Huyu alivuta mlango wa chuma, akazima taa, akanisukuma nje kwa mlango wa nyuma na shuka lake shingoni!" Akafungua mfuko, akalikung'uta shuka mbele ya hakimu. Jina la duka lilikuwa pembeni, kwa uzi mwekundu alioushona mshonaji mwenyewe. "Mheshimiwa, muulize. Kama alikuwa na ubavu wa kumshika afande, mbona alikosa ubavu wa kunimalizia kichwa?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu alitamka kwamba ushahidi wa kinyozi anautupa wote, wa karani anaupokea, na askari ana kesi ya kujibu. Wakili akaketi kwa uzito. Alikuwa amemshika mwongo mkono amfikishe kwenye mlango wa kumtoa mteja wake, kumbe njia ile iliishia kwenye kioo.

Watu walipokuwa wakitoka, mshonaji alisimama mbele ya Redio. Hakupaza sauti.

"Ungesema kioo tu, kaka. Kioo kilitosha."

Redio akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu mtaa umfahamu, haikushika stesheni hata moja. Shuka lake lilikuwa bado limetandazwa juu ya meza ya hakimu, jina juu, kila apitaye akilisoma. Ama kweli, mwongo mwongoze.